Mtungi wa naitrojeni: kuujaza, kuupima na kuubeba bila kuharibu mbegu wala kujidhuru

Wadau, hii naiandika kwa ajili ya nyie wahimilishaji, mnaopandisha ng'ombe kwa mbegu za dume zilizogandishwa kwenye mirija na kutunzwa ndani ya mtungi wa naitrojeni ya kimiminika, hasa vijana mliomaliza kozi juzijuzi mkakabidhiwa mtungi na vifaa mkaambiwa haya kapigeni kazi, pamoja na viongozi wa vyama vya maziwa ambao mtungi mkubwa unakaa ofisini kwenu na hakuna anayekumbuka ulipimwa lini. Mafundi wa karakana na watu wa viwanda vya chakula nao wana sehemu yao huko chini. Nitangulize msimamo wangu: kila mtu anaogopa ile baridi, na kweli inaunguza, ila kinachoua watu ni gesi ambayo huioni, na kinachoua mbegu ni sekunde chache za kuzubaa kwenye shingo ya mtungi. Hayo mawili ndo nitayakomalia, mengine napita haraka.

1. Ijue kwanza

Naitrojeni ni hewa tu hii tunayovuta, asilimia 78 ya hewa ni yenyewe. Kiwandani wanaivuta hewa ya nje, wanaitoa unyevu na kaboni dayoksaidi, wanaibana na kuipoza mpaka inageuka maji, halafu wanaitenganisha kwenye mnara mrefu kwa kutumia tofauti ya kuchemka: naitrojeni inachemka kwenye nyuzi -196 na oksijeni kwenye -183. Wa kwanza kuipata ikiwa kimiminika cha kuweza kukitazama vizuri ni Wróblewski na Olszewski huko Kraków, Poland, mwaka 1883. Mjerumani Carl von Linde mwaka 1895 akapata njia ya kuizalisha kwa wingi ndo ikawa biashara. Na Mskochi James Dewar mwaka 1892 alishatengeneza chupa ya kuta mbili ambayo katikati hewa imenyonywa yote, ndo babu wa chupa ya chai ya nyumbani kwako na ndo babu wa huo mtungi wako pia.

Namba za kushika kichwani ni tatu. Inachemka kwenye -196, maana yake hapo ilipo kwenye mtungi inachemka muda wote, haijatulia hata kidogo. Lita moja ina uzito wa kama gramu 800. Na lita moja ikigeuka gesi kwenye joto la kawaida la chumba inakuwa karibu lita 700. Hiyo ya tatu iandike ukutani.

Haina rangi, haina harufu, haina ladha. Ule moshi mweupe unaouona ukifungua kizibo sio naitrojeni, ni unyevu wa hewani ulioganda ukawa ukungu, kwahiyo ukungu ukishapotea usidhani na gesi imeondoka, gesi ipo palepale ila huna jicho la kuiona. Na gesi ikiwa bado baridi ni nzito kuliko hewa, inalala chini kwenye sakafu, kwenye mashimo, kwenye ngazi za kushuka.

Kitu kingine kinachowapa watu kiburi: ukimwaga kidogo sakafuni inakimbia vidonge vidonge, kama matone ya maji kwenye kikaango cha chapati kilichoshika moto. Chini ya kila tone kuna tabaka jembamba la gesi linalolibeba, daktari wa Kijerumani anaitwa Leidenfrost alilieleza jambo hili tangu 1756. Ndo maana tone likikurukia mkononi mara nyingi linateleza na huhisi kitu, na kuna watu wanaingiza vidole kwa mbwembwe ili wapigwe picha. Ila likinaswa kwenye soksi, ndani ya glavu, chini ya pete au saa, hapo halitelezi tena, linakaa na kuunguza mpaka ndani. Kwahiyo acha mbwembwe.

2. Chagua chumba kabla ya kununua mtungi

Hapa tukae kidogo maana ndo watu wanapokosea zaidi. Chukua stoo ya kawaida ya chama cha ushirika, mita 4 kwa 3, dari mita 2 na nusu, hiyo ni mita za ujazo 30. Mtungi wa lita 35 ukianguka au ukipasuka ndani ukamwagika wote, unapata karibu mita za ujazo 24 za gesi. Oksijeni ya humo ndani iliyokuwa asilimia 21 inashuka chini ya nusu yake. Kwenye kiwango hicho mtu hapati muda wa kusema sijisikii vizuri, anadondoka tu. Hata lita 10 zikimwagika kwenye chumba hichohicho unashuka mpaka kama asilimia 17, na huko Marekani sheria za kazi zinahesabu chochote chini ya 19.5 kuwa ni hewa ya hatari.

Kwanini mtu hashtuki? Kwa sababu mwili unakubana kifua pale kaboni dayoksaidi inapojaa, sio pale oksijeni inapopungua. Ukivuta naitrojeni tupu kaboni dayoksaidi unaitoa kama kawaida, kwahiyo huhisi kukabwa, huhisi chochote, pumzi mbili tatu na umelala. Hamna kukohoa, hamna onyo.

Kwahiyo chumba kiwe na matundu ya hewa juu na chini, ya chini ni muhimu zaidi, na usiyazibe eti panya wanaingia, weka wavu. Usiweke mtungi chumba cha kulala (wapo wanaofanya hivyo kwa kuogopa wezi, aisee), usiuweke kwenye shimo, wala kabati lililofungwa. Kama ni ofisi ya AC yenye madirisha yaliyofungwa muda wote, hapafai. Sehemu zenye mitungi mingi nunueni kipima oksijeni cha ukutani kinacholia, na kiwekwe nje ya mlango kionyeshi chake ili ujue hali kabla hujaingia. Hii ni hela mtakayoinung'unikia, lakini nunueni.

Mtungi wenyewe usikae juani, wala juu ya saruji yenye maji maji inayokula chuma, uwekee paleti ya mbao chini.

3. Mavazi

Glavu za baridi kali ziwe kubwa, zilegee, ili ikiingia naitrojeni unakung'uta mkono zinatoka zenyewe. Glavu za kitambaa ni mbaya kuliko mkono mtupu kwa sababu zinanyonya na kushikilia. Glavu zikiwa na unyevu usivae. Miwani ya kufunika macho au ngao ya uso wakati wa kujaza. Suruali ivaliwe nje ya buti, sio kuchomekwa ndani, tone likishuka liende chini lisiingie kwenye buti. Kandambili hapana. Pete na saa vua.

4. Kujaza

Mtungi mpya au uliokaa mtupu una joto la chumba ndani, ukimimina kwa pupa inachemka kwa fujo na kurusha juu, na ile sehemu shingo ilipounganishwa na mwili wa mtungi inapata mshtuko. Anza na lita moja hivi, acha. Sikiliza. Mwanzoni utasikia inanguruma na ukungu unatoka kwa nguvu, baada ya dakika kadhaa sauti inashuka inabaki kama ya maji yanayochemka taratibu, hapo ongeza kidogo tena, acha tena, na hivyo hivyo mpaka ujaze. Fanya nje au mlango ukiwa wazi kabisa, mkiwa wawili, na aliyeshika mtungi mkubwa unaomimina asimame upande usiopelekewa ukungu na upepo.

Faneli iwe ya chuma na yenye mdomo mpana. Plastiki nyingi ngumu zikikutana na baridi hii zinapasuka kama glasi. Jaza mpaka chini ya shingo, usijaze shingo yenyewe.

Kizibo: kile kilichokuja na mtungi, ambacho kinakaa kwa kulegea, ndo hichohicho. Hakijalegea kwa sababu ya ubovu, kimelegea ili gesi itoke. Usikizungushie gundi ya karatasi, usikifunge na nailoni, usikibadilishe na kizibo cha mpira kinachobana vizuri eti naitrojeni isipotee. Kumbuka lita moja inataka kuwa lita 700, ukiifungia inatengeneza bomu. Mwaka 2006 chuo kikuu cha Texas A&M kule Marekani tenki la naitrojeni lililipuka maabara usiku, vifaa vyake vya kupunguza presha vilikuwa vimezibwa, likapaa kupita kwenye dari. Lilikuwa kubwa kuliko lako, ila kanuni ni hiyohiyo hata kwa lita 3. Na kwa sababu hiyohiyo usiibebe kwenye chupa ya chai ukafunga mfuniko.

Baada ya kujaza mtungi mpya usiweke mbegu hapohapo. Uache siku mbili, siku ya kwanza upotevu unakuwa mkubwa maana kuta za ndani bado zinapoa. Halafu upime kwa mizani leo na kesho saa ileile. Mtengenezaji ameandika kwenye karatasi yake mtungi unapoteza kiasi gani kwa siku. Kama karatasi inasema gramu 100 na wewe unaona nusu kilo, huo mtungi ni mgonjwa, rudisha kabla hujauamini na mbegu za watu.

5. Kupima, na uandike

Tumia rula nyeusi ya plastiki au mbao iliyotengenezwa kwa kazi hii. Chuma kinaleta joto ndani, na mrija wenye tundu usitumie kabisa maana naitrojeni inachemka ndani yake na kuruka juu usoni kwako. Shusha mpaka chini kabisa, hesabu mpaka 15, toa, ipunge hewani kidogo. Unyevu wa hewa utaganda kwenye sehemu iliyozama tu, utaona sakitu nyeupe inapanda kutoka nchani halafu inakatika ghafla kama imechorwa mstari. Soma sentimita hapo pale mstari ulipo, kabla haujaanza kupanda, maana ukichelewa baridi inatembea kwenye rula na utasoma uongo.

Kila wiki, siku ileile, na uandike kwenye daftari lililofungwa kamba kwenye mtungi, tarehe, sentimita na jina la aliyepima. Namba moja peke yake haikuambii kitu, ila ukiwa na mfululizo utaona mtungi uliokuwa unashuka sentimita moja na nusu kwa wiki sasa unashuka tatu, hapo unajua ombwe la katikati ya kuta limeanza kuvuja na una muda wa kutafuta mtungi mwingine. Mimi nasema ukifika sentimita 10 piga simu ya kujaza, ukifika 5 hiyo ni dharura, acha kila kitu.

Dalili ya mtungi kufa kabisa: ukiamka ukakuta kwa nje umetoa jasho au umeota barafu kwenye mabega, karibu na shingo. Mtungi mzima kwa nje una joto la kawaida, mkavu. Ukiona hivyo usisubiri kupima, hamisha mbegu sasa hivi kwenye mtungi mwingine wenye naitrojeni, maana naitrojeni iliyobaki itaisha kwa masaa.

Ya kujazia unapata wapi? Tanzania kituo cha taifa cha uhimilishaji kiko Usa River, Arusha, Kenya kuna kituo cha KAGRC kule Kabete, Uganda kuna kituo cha NAGRC&DB Entebbe, na kampuni za gesi za viwandani kwenye miji mikubwa nazo zinauza. Panga safari yako kabla ya sikukuu, sio baada.

6. Kutoa mrija wa mbegu

Sasa sehemu inayokula hela za wafugaji kimyakimya. Mwaka 1949 watafiti wa Kiingereza Polge, Smith na Parkes waligundua kwamba ukiweka gliserini mbegu za kiume zinavumilia kugandishwa, na tangu hapo dume mmoja anaweza kuzalisha nchi ambazo hajawahi kukanyaga, hata miaka mingi baada ya kufa. Mbegu ikiwa ndani ya naitrojeni haina tatizo. Tatizo ni safari ya kutoka chini kuja juu.

Fikiria shingo ya mtungi. Chini kwenye kimiminika ni -196. Juu mdomoni ni nyuzi chache tu juu ya sifuri. Ndani ya huo urefu wa kiganja kimoja hivi unavuka karibu nyuzi 200. Na mrija wenyewe ni wa mililita 0.25 au 0.5, uzi mwembamba, unapata joto upesi sana. Ukishapanda kupita kama -79 mbegu zinaanza kuharibika, na ukiurudisha chini unaganda tena na unaonekana vilevile, rangi ileile, maandishi yaleyale, ila ndani zimekufa. Mfugaji analipa, ng'ombe anarudi joto baada ya siku 21, anaambiwa ng'ombe wake ana matatizo ya kizazi. Mimi nikisikia mhimilishaji mmoja ng'ombe zake zote za mwezi zimerudi, swali la kwanza sio ng'ombe, ni anavyotoa mirija.

Fanya hivi. Ujue kabla ya kufungua ni kikapu (kile kinachoshikilia mirija ndani ya mtungi) namba ngapi na dume gani, ndo maana unatakiwa kuwa na orodha iliyobandikwa nje: kikapu 1 Friesian, kikapu 2 Ayrshire, kikapu 3 Jersey, imebaki mingapi. Kutafuta kwa kunyanyua kikapu kimoja kimoja ukisoma majina juani ndo kuua mbegu kwenyewe. Maji ya kuyeyushia yawe tayari, kipimajoto kimesoma, mkasi uko karibu, ng'ombe amefungwa. Nyanyua kikapu mpaka kibaki chini ya mstari wa barafu unaouona ndani ya shingo, sentimita kadhaa chini ya mdomo, usikitoe nje. Chukua mrija kwa kibanio, sio kwa vidole, vidole vina nyuzi 30 na kitu. Usizidishe sekunde 10. Kama hujaupata shusha kikapu, subiri nusu dakika kipoe, anza upya. Ni heri ufanye mara tatu kwa sekunde 8 kuliko mara moja kwa 25. Upepo na jua vinaharakisha uharibifu, kwahiyo geuka uwe na mgongo kwenye upepo, au ingia kivulini.

Ukishautoa ukung'ute mara moja (naitrojeni iliyonasa kwenye ncha inaweza kupasua mrija, linda macho), utumbukize kwenye maji ya nyuzi 35 mpaka 37, sekunde 40 hivi, au kama alivyoelekeza aliyekuuzia mbegu. Sio kwapani, sio mfukoni. Ufute ukauke kabisa kabla ya kukata, tone la maji likigusa mbegu linaziua. Halafu tumia ndani ya dakika 15 ukiulinda na baridi, na asubuhi za Njombe au Limuru hilo sio jambo dogo.

Kuhamisha mirija mtungi kwa mtungi: mitungi ikae imegusana, vizibo vyote wazi, mtu mwingine anashika tochi. Mbegu za nje zinazokuja kwa ndege husafirishwa kwenye mtungi mkavu, ule ambao naitrojeni imenyonywa na kitu kama sponji ndani ili isimwagike, huo muda wake ni mfupi, ukiupokea hamisha siku hiyohiyo.

7. Kubeba

Lita moja tu ikimwagika ndani ya gari dogo la vioo vilivyofungwa inashusha oksijeni mpaka kama asilimia 17, lita tatu sitaki hata kuwaza, na wewe ndo umeshika usukani. Nyuma ya pikapu ndo sehemu yake, umefungwa wima, haugongani na kitu. Kama lazima uwe ndani ya gari vioo viwe wazi hata mvua ikinyesha. Buti la gari dogo nalo linapitisha hewa mpaka ndani, usijidanganye. Kwenye daladala au matatu usipande nao kabisa.

Pikipiki kwa mtungi wa lita 2 au 3 ni sawa, wengi ndo tunavyofanya, ila utengenezewe kreti yenye godoro chini na pembeni, mtungi usilale. Mtungi wa ndani umening'inia kwenye shingo tu, ukiupiga mashimo ya barabara kila siku shingo inapata nyufa usizoziona na ombwe linaondoka. Ndo maana mimi naona ni bora uwe na mkubwa unaobaki nyumbani na mdogo wa fildi kuliko kuzunguka na ule wa lita 20 kila asubuhi.

Ghorofani: mtungi unapanda lifti peke yake, mtu mmoja anausukuma chini na mwingine anaupokea juu. Usipande nao.

8. Kwa wa viwandani na karakana

Kwanza tuelewane, ile naitrojeni ya tairi wanayouza kwenye sheli ni gesi, sio hii. Hii ya kimiminika viwandani inatumika kusaga mpira na viungo ambavyo vikipata joto la mashine vinalainika au vinapoteza mafuta na harufu yake, kugandisha kuku na samaki upesi, kugandisha maji ndani ya bomba ili fundi akate valvu bila kumwaga tenki zima, na hospitalini daktari wa ngozi anaitumia kuchoma chunjua. Hata baadhi ya chupa nyembamba za maji ya kunywa, zile zinaonekana ngumu mpaka ufungue ndo zinalegea, tone la naitrojeni lilidondoshwa ndani sekunde moja kabla ya kufungwa.

Kwa fundi, kazi tamu zaidi ni kuingiza bushi au pini inayobana. Badala ya kupiga nyundo au kuchoma kwa moto unaipoza. Chuma kikishuka kutoka joto la chumba mpaka -196 kinapungua kama milimita 0.2 kwa kila milimita 100 za kipenyo, inatosha kudumbukia yenyewe. Tumia beseni la stenlesi ndani ya boksi la sponji, shusha pini taratibu kwa waya, subiri mpaka mchemko uishe, hapo ndo imepoa mpaka ndani. Pima tundu kabla, futa unyevu kabla, na ingiza kwa mpigo mmoja maana ikikamata katikati haitoki. Usiigonge nyundo ikiwa baridi: chuma cha kawaida kwenye baridi hii kinavunjika kama kigae. Stenlesi, shaba na alumini zinavumilia. Vitambaa vyenye grisi viweke mbali, kwa sababu beseni likikaa wazi muda mrefu oksijeni ya hewani inageuka maji na kuingia humo (inachemka kwenye -183, imeona pa kupumzika), kimiminika kinaanza kuwa na ubluu, na oksijeni ya maji ikikutana na mafuta inawaka.

Mnaogandisha vyakula, kilichotokea Gainesville, Georgia tarehe 28 Januari 2021 kisomeni na wafanyakazi wenu. Mashine ya kugandishia kuku kwenye kiwanda ilivuja naitrojeni, wakafa watu 6, na waliokufa sio wote walikuwa chumbani tangu mwanzo, wengine waliingia kuangalia kuna nini. Na wenye mabaa mnaotaka vinywaji vya moshi: Lancaster, Uingereza, mwaka 2012 binti aliyekuwa anasherehekea miaka 18 alikunywa kinywaji ambacho naitrojeni yake ilikuwa haijaisha, ikabidi atolewe tumbo zima la chakula. Glasi isimfikie mteja mpaka iache kabisa kutoa moshi, au bora muache.

9. Mtu akiumia

Ukimkuta mtu amelala kwenye chumba cha mtungi usiingie. Najua ni ngumu, ni mwenzako, lakini ukiingia mnakuwa wawili. Piga kelele, fungua milango na madirisha yote ukiwa nje, mkishapata watu na hewa imepita ndo mnamvuta, kama kuna kamba au anafikika kutoka mlangoni mvuteni bila kuingia. Akishakuwa nje kama hapumui anza kumkandamiza kifua na mpelekeni hospitali. Akizinduka mwenyewe mpelekeni pia.

Akiungua: mwagia maji ya uvuguvugu, yale ya kumwogeshea mtoto, nyuzi 37 mpaka 40, dakika 15 au zaidi. Usisugue. Usimsogeze kwenye moto. Nguo iliyoganda kwenye ngozi usiivute, ilainishe na maji kwanza. Usipake dawa ya meno, asali wala mafuta ya taa, funika na kitambaa safi kilicholegea na aende hospitali, macho yakihusika aende hapohapo. Maumivu mara nyingi yanakuja ngozi ikianza kupata joto, kwahiyo akisema haumii usimwamini.

10. Mabaki, na mtungi wa mtumba

Naitrojeni iliyobaki usimwage kwenye sinki wala chooni, bomba zitapasuka. Mwaga nje kwenye kokoto, mbali na watu na mbuzi, taratibu, au acha mtungi wazi mahali penye hewa uishe wenyewe.

Na mtungi wa mtumba, ambao ndo wengi mtaanza nao kwa bei ilivyo: usilipie kwa kuangalia rangi. Angalia kama shingo imesimama wima, tikisa kidogo usikilize kama wa ndani unagonga, tafuta mabonde kwenye mwili, uliza kizibo chake kiko wapi. Halafu mwambie muuzaji mnajaza kwa gharama yako, unaacha siku mbili, mnapima kwa mizani siku ya tatu na ya nne mbele yake, mnalinganisha na karatasi ya kiwandani. Akikataa hilo muachie mtungi wake.